Mgonjwa hawezi kujiamulia: mwongozo kwa ndugu aliyepewa fomu asaini

Maswali ni yale yale, kwenye mabenchi ya nje ya wodi na kwenye simu za usiku. "Baba hana fahamu, nani asaini?" "Kaka mkubwa yuko safarini, tumsubiri?" "Mama ana kisukari, mguu umeoza na hataki kukatwa. Tumlazimishe?" "Tukikubali mashine izimwe, si tutakuwa tumemuua?" Wanaouliza ni watu wenye akili timamu na mapenzi ya kweli, lakini hakuna aliyewahi kuwaelekeza. Mwongozo huu ni wa yule ambaye ameshashikishwa kalamu.

Nimeuandika nikifikiria hospitali za Tanzania na Kenya, na mgonjwa mtu mzima, wa miaka 18 kwenda juu. Mtoto huamuliwa na wazazi au walezi wake, na anayelazwa kwa nguvu kwa ugonjwa wa akili ana utaratibu wake: Tanzania upo kwenye Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, Kenya kwenye sheria yao waliyoirekebisha mwaka 2022. Hayo mawili siyaingii hapa.

Jambo moja lishike tangu sasa. Swali si wewe unataka nini. Swali ni yeye angetaka nini kama angeweza kusema. Ndugu wengi husaini kwa hofu yao wenyewe, au kwa kuogopa ukoo utasema nini, na mgonjwa anakuwa mtu pekee ambaye hakuulizwa. Wewe umeitwa uwe mdomo wake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Kila anachosema daktari kiandikwe, pamoja na tarehe na jina la aliyesema. Kichwa chenye wasiwasi hakihifadhi kitu.
- Dawa zote anazotumia, pakiti zenyewe, zikiwemo za kienyeji na zile za kununua dukani.
- Miwani yake, meno yake ya bandia, na kifaa cha kusikia kama anacho. Wazee wengi wameandikwa "amechanganyikiwa" kumbe hawasikii tu, na miwani iko nyumbani kabatini.
- Karatasi yoyote aliyowahi kuandika kuhusu matibabu yake, au kumtaja mtu wa kumsemea.
- Namba za simu za watu watatu wanne waliomjua vizuri. Nasema waliomjua, maana mkubwa wa ukoo anaweza kuwa hajakaa naye kwa miaka.
- Msemaji mmoja wa familia. Daktari akijibu maswali ya ndugu sita mmoja mmoja, mtarudi nyumbani na habari sita.
- Kadi ya bima na kitambulisho chake.

## Hatua ya 1: Uliza kama ni dharura

Swali la kwanza kwa daktari liwe hili: "Tuna muda gani?" Kama jibu ni dakika au saa chache, mwache afanye kazi. Usizuie damu au upasuaji wa kuokoa maisha kwa sababu baba mdogo hajafika kutoka Singida. Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 nayo inaruhusu tiba bila ridhaa pale ambapo kuchelewa kungeweza kumuua mgonjwa au kumletea madhara yasiyorekebishika, ilimradi mwenyewe hakuwa ameikataa tiba hiyo.

Hayo maneno ya mwisho yana uzito. Kama mgonjwa ni Shahidi wa Yehova na ana kadi yake ya kukataa damu kwenye pochi, itoe mara moja, hata kama wewe dini yako ni nyingine na kadi inakuuma. Kuificha ni kumsemea uongo mtu asiyeweza kukusahihisha. Vivyo hivyo, usidai mgonjwa alikataa damu kama hujawahi kumsikia akisema hivyo.

Kama daktari amesema mna siku au wiki, basi mna nafasi ya kufuata hatua zote.

## Hatua ya 2: Hakikisha kweli hawezi

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, kwa hiyo usipite mbio.

Kutoweza kujiamulia hakupimwi kwa umri, wala kwa kutojua kusoma, wala kwa jina la ugonjwa. Na hakupimwi kwa kumkatalia daktari. Uingereza, mwaka 1993, mahakama ilisikiliza shauri la mgonjwa wa skizofrenia aliyekuwa hospitali ya Broadmoor. Mguu wake ulikuwa na donda ndugu, madaktari wakashauri ukatwe, akakataa. Alikuwa na imani zisizo za kweli, kwamba yeye mwenyewe ni tabibu mkubwa, lakini hoja za mguu alizielewa. Jaji akasema uamuzi ni wake. Mgonjwa wa akili, na bado mwenye uwezo wa kuamua jambo hilo.

Kinachoangaliwa ni mambo manne: je, anaelewa anachoambiwa? Anaweza kukikumbuka muda wa kutosha kuamua? Anaweza kupima faida na hasara? Anaweza kueleza alichoamua, kwa mdomo, kwa kichwa au kwa mkono? Likikosekana moja hata baada ya kusaidiwa vizuri, kwa uamuzi huo na kwa wakati huo hawezi. Kwa uamuzi huo tu. Aliyeshindwa kuamua kuhusu upasuaji wa kichwa anaweza kabisa kuamua nani amwogeshe na kama ale uji au supu.

Anayepima rasmi ni daktari, lakini wewe unamjua mgonjwa, na maswali unaweza kuyauliza. Chukua mfano wa mama wa miaka sabini na kitu, ana kisukari, vidole vya mguu vimekuwa vyeusi. Daktari anashauri kukata chini ya goti, yeye hataki. Binti yake anaamini mama amechanganyikiwa. Basi akae naye asubuhi, pazia limevutwa, wengine wametoka:

"Shikamoo mama. Jana daktari alikwambia nini kuhusu huu mguu?"

"Marahaba. Kasema umeoza, wanataka kukata hapa." Anagusa chini ya goti.

"Usipokatwa itakuwaje?"

"Sumu itapanda, nitakufa. Nilimsikia."

"Na wewe unaonaje?"

"Nimeshaishi mwanangu. Baba yenu alikatwa, akalala miaka miwili anageuzwa na watu. Mimi sitaki hivyo. Wanioshe kidonda, wanipe dawa ya maumivu, nirudi kwangu."

Mama huyu ameelewa, amekumbuka, amepima na ameeleza. Uamuzi wake unauma, lakini ni wake, na hakuna ndugu mwenye haki ya kusaini juu yake. Sasa linganisha na mwingine mwenye mguu kama huo huo anayesema, "Mguu mzima huu, kesho naenda shamba," na ukimweleza tena, baada ya dakika tano anauliza kwa nini yuko hospitali. Huyo wa pili anahitaji mtu wa kumsemea.

Kwa yule wa kwanza kazi yako bado ipo, ila ni nyingine. Muulize taratibu anaogopa nini. Mara nyingi anaogopa bili, au kuwa mzigo kwa binti anayefanya kazi, na hayo yana majibu. Anaweza kubadili mawazo akijua kuna mguu wa bandia, au akiona mjukuu amejitolea kukaa naye. Anaweza pia asibadili.

Tahadhari: Mwanamke mtu mzima aliye timamu husaini mwenyewe fomu ya upasuaji wake, ukiwemo wa kujifungua. Asicheleweshwe akisubiri saini ya mume au ya mama mkwe.

## Hatua ya 3: Tafuta kinachoweza kurekebishwa

Mzee aliyekuwa mzima juzi, na leo anaongea na watu wasiokuwepo, si lazima awe ameanza ugonjwa wa kusahau. Ugonjwa wa kusahau huja polepole, kwa miezi na miaka. Kuchanganyikiwa kwa ghafla huja ndani ya saa au siku chache, hupanda na kushuka, mara nyingi huwa kubaya zaidi jioni na usiku, na kwa kawaida kuna kitu kinakusababisha.

Muombe daktari aangalie: sukari (chini ya 3.9 kwa kipimo cha mmol/L ni ya chini, na ikishuka sana huondoa fahamu), malaria, maambukizi ya mkojo au mapafu, upungufu wa maji na chumvi mwilini, mkojo uliozuiliwa, choo kilichokaa siku nyingi, dawa za usingizi au za maumivu, na pombe iliyokatishwa ghafla kwa mtu aliyezoea kunywa kila siku. Kisha uliza maswali mawili: "Fahamu zake zinaweza kurudi? Na uamuzi huu unaweza kusubiri mpaka zirudi?" Kama yote mawili ni ndiyo, subirini. Usiamue leo kitu ambacho mwenyewe ataweza kukiamua Alhamisi.

Wa kiharusi mwangalie kwa makini zaidi. Kuna anayepoteza maneno na kuelewa akabaki nako. Mpe njia ya kujibu: kubana mkono mara moja kwa ndiyo na mara mbili kwa hapana, au kufumba macho, au kuonyesha kwenye picha. Anza na maswali ambayo majibu yake unayajua, na uyachanganye. "Hapa ni nyumbani?" "Hapa ni hospitali?" "Mimi ni mwanao?" "Mimi ni jirani?" Akijibu sawasawa, umempata, endelea na swali lenyewe. Akijibu ndiyo kwa kila kitu, pumzika, rudi asubuhi.

## Hatua ya 4: Jueni nani ana sauti

Kenya, sheria ile ya 2017 imepanga hivi: kwanza mtu aliyetajwa na mgonjwa mwenyewe kwa maandishi, au mtu aliyepewa mamlaka na sheria au amri ya mahakama, na kama hakuna hao, ndugu wa karibu. Tanzania kwenye wodi utaulizwa ndugu wa karibu, na kwa desturi huwa mume au mke, watoto wakubwa, wazazi, kisha ndugu wa tumbo moja.

Mambo yanayochanganya watu ni haya.

Jina lililoandikwa kwenye fomu ya kulazwa ni la mtu wa kupigiwa simu. Halimfanyi mwenye mgonjwa, wala mrithi.

Hati ya uwakilishi ya kusimamia benki, nyumba au shamba haikupi mamlaka juu ya mwili wa mtu. Isome imeandikwaje.

Anayelipa bili hajanunua uamuzi. Hili nalisema kwa upole kwa walio nje ya nchi wanaotuma fedha, maana mchango wao ni mkubwa na mara nyingi ndio umemfikisha mgonjwa kitandani pale. Lakini mke aliyeishi naye miaka thelathini anajua mambo ambayo simu haijui.

Na mwenye maslahi, yule ambaye kifo au uhai wa mgonjwa unamgusa mfukoni, aseme hivyo wazi mbele ya wote. Asifukuzwe, asikilizwe huku ikijulikana ana maslahi gani.

## Hatua ya 5: Kusanya alichosema na alivyoishi

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote na ndiyo inayorukwa. Chukua daftari, piga simu, uliza:

- Aliwahi kusema nini alipomuuguza mtu, au aliporudi kutoka kumuona mtu chumba cha mahututi (ICU)?
- Anaogopa nini zaidi, kufa au kulala kitandani bila kujiweza?
- Ni kitu gani akikikosa huona maisha hayana ladha? Kwenda msikitini? Kushika mjukuu? Shamba lake?
- Dini yake inamwambia nini, na yeye mwenyewe anaishika vipi?
- Aliwahi kukataa tiba fulani akiwa timamu? Kwa sababu gani?

Usiishie kwa watoto. Muulize dada wa kazi anayempikia chai, rafiki wa kijiweni, imamu, mwenyekiti wa jumuiya. Mzee huweza kuwaficha wanawe hofu zake na kuzimwaga zote kwenye bao.

Andika kila kauli pamoja na nani aliisikia na lini. Kisha tenganisha mistari miwili: "alisema" na "nadhani angesema". Kauli aliyoitoa mara tatu kwa watu tofauti ina nguvu kuliko neno la hasira alilolitoa siku moja amechoka.

Na kama hakuna kitu? Kuna watu hawakuwahi kuzungumzia kifo hata mara moja. Hapo rudini kwenye faida na mzigo: tiba hii itampa nini yeye, na itamgharimu maumivu gani yeye? Yeye, kabla ya nyinyi.

## Hatua ya 6: Muulize daktari maswali yenye majibu

"Daktari, kuna matumaini?" ni swali linalojibiwa "tumuombe Mungu", na wote mnatoka mikono mitupu. Uliza haya:

1. Lengo la tiba hii ni nini: kuponya, kuongeza muda, au kupunguza mateso?
2. Mambo yakienda vizuri kabisa, atakuwaje? Yakienda vibaya? Na wewe unatarajia lipi?
3. Atatembea? Atakula mwenyewe? Atatutambua?
4. Tusipofanya, itakuwaje, na maumivu yake mtayashughulikia vipi?
5. Kuna njia nyingine?
6. Tutajua lini kama inafanya kazi?
7. Itagharimu kiasi gani kwa siku, na bima inalipa nini?

Rudia ulichosikia kwa maneno yako: "Nimeelewa hivi, ni sawa?" Kama amesema Kiingereza, mwombe aseme Kiswahili. Haina aibu hiyo.

Mambo manne hutajwa mara kwa mara, na watu huyakubali bila kujua yakoje. *Kushtua moyo uliosimama* ni kukandamizwa kifua kwa nguvu. Mbavu huweza kuvunjika, na kwa mtu aliyekuwa mwishoni mwa ugonjwa mkubwa ni nadra kumrudisha akaenda nyumbani. *Mashine ya kupumulia* inashikilia pumzi wakati ugonjwa unatibiwa, yenyewe haitibu. *Kusafisha damu* figo zikishindwa kabisa huwa mara mbili au tatu kwa wiki, karibu saa nne kila mara, bila mwisho isipokuwa apate figo. *Mpira wa chakula*, ule wa kulishia unaopitishwa puani au tumboni, unamsaidia sana wa kiharusi anayetarajiwa kupata nafuu. Kwa mwenye ugonjwa wa kusahau uliofika mwisho haujaonekana kumwongezea maisha, na kumlisha taratibu kwa mkono, kijiko kidogo kidogo, ni tiba halali kabisa.

## Hatua ya 7: Kikao kimoja

Kaeni siku moja, walio mbali wakiwa kwenye simu yenye spika. Msemaji asome daftari: kwanza aliyosema mgonjwa, halafu aliyosema daktari. Swali linaloulizwa kwa kila mmoja ni moja, "Kama angekuwa amekaa hapa anatusikiliza, angesema nini?" Waanze walioishi naye. Mkubwa wa ukoo aseme mwishoni, maana akianza yeye wadogo wataitikia tu.

Mtu akisema "mimi siwezi kumwacha baba", mpe nafasi alie. Kisha rudisheni swali.

## Hatua ya 8: Toa jibu, na uliwekee muda

Hamlazimiki kuchagua kati ya kila kitu na hakuna kitu. Mwombeni daktari tiba ya majaribio: "Tukubali mashine kwa siku tatu. Tuangalie presha, figo na fahamu. Siku ya tatu tukae tena." Semeni mapema dalili zipi zitamaanisha tuendelee na zipi zitamaanisha tuache. Muda halisi atausema daktari kulingana na ugonjwa.

Kabla ya kusaini, soma fomu. Jina la mgonjwa ni lake? Upasuaji ulioandikwa ndio mlioelezwa? Upande wa kushoto au kulia? Usisaini fomu tupu, hata ukiambiwa "tutajaza baadaye". Kama hujui kusoma, isomewe kwa sauti mbele ya shahidi unayemwamini, ndipo uweke dole gumba. Na mwombe daktari aandike kwenye jalada sababu ya uamuzi, ili wa zamu ya usiku asije akaanza upya.

## Hatua ya 9: Mwambie, na urudi tena

Mwambie mgonjwa kilichoamuliwa, hata kama macho yamefumba. "Mama, ni mimi. Wanakupeleka kukusafisha kidonda, nitakuwa hapo nje." Akikunja uso, akiondoa mkono, akigeuka, hiyo ni habari, mweleze muuguzi. Kila siku chache uliza tena kama uwezo umerudi. Ukirudi, kalamu ni yake.

## Makosa yanayorudiwa

Kumficha mgonjwa timamu ugonjwa wake. Familia inajua ni saratani, daktari anajua, yeye anaambiwa ni vidonda vya tumbo. Hivyo mmemnyima nafasi ya kuaga, kulipa madeni, kusuluhisha na mdogo wake. Muulizeni kwanza: "Unapenda uelezwe yote, au nielezwe mimi?" Akichagua asijue, sawa, amechagua yeye.

Kuficha dawa kwenye uji. Kwa mtu timamu ni kumdanganya, basi. Kwa asiyeweza kujiamulia, msifanye kwa siri ya familia: daktari akubali, mfamasia aseme kama kidonge hicho kinasagwa (kuna vidonge vya kuachia dawa polepole ambavyo kusagwa kwake ni hatari), na jaribuni kwanza kujua kwa nini anakataa. Huenda ni kichungu tu, au kinamkwama kooni.

Kumfunga mikono ili asing'oe dripu, kisha kumwacha. Mwenye hofu akifungwa huongeza fujo. Ndugu aliyekaa pembeni amemshika mkono, taa ikiwaka na saa ikionekana, hutuliza zaidi.

Kumrudisha nyumbani bila dawa ya maumivu. Kurudi kufia nyumbani kunaweza kuwa ndilo hasa alilotaka. Basi muondoke na mpango: dawa, maelekezo ya kidonda, namba ya kupiga.

## Mambo yakikwama

Ndugu wamegawanyika. Ombeni kikao cha pili na daktari bingwa, muuguzi kiongozi na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Mwiteni kiongozi wa dini ambaye mgonjwa mwenyewe alimheshimu. Ulizeni kama hospitali ina kamati ya maadili. Mahakama ni mlango wa mwisho. Wakati mnabishana, tiba inayolinda uhai na kuondoa maumivu inaendelea.

"Kuondoa mashine ni kuua?" Kumdunga mtu dawa ili afe ni kosa la jinai Tanzania na Kenya, na hakuna anayekuomba hilo. Kuacha tiba isiyomsaidia tena ni jambo lingine. Baraza la kimataifa la fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Amman Oktoba 1986, liliruhusu kuondolewa mashine pale ubongo umekufa kabisa na madaktari bingwa wamethibitisha haurudi, hata kama moyo bado unadundishwa na mashine. Papa Pius wa Kumi na Mbili, Novemba 1957, aliwaambia madaktari wa usingizi kwamba mtu hafungwi kutumia njia zisizo za kawaida ili kurefusha uhai. Mwenye mashaka aongee na shehe au padri wake akiwa na maelezo ya daktari mkononi, maana jibu linategemea hali ya mgonjwa.

"Mofini itamuua." Ikitolewa kwa kipimo sahihi na kuongezwa taratibu, inaondoa maumivu bila kuharakisha kifo. Ulizeni huduma ya tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso ya mwenye ugonjwa mkubwa: hospitali ya saratani ya Ocean Road pale Dar es Salaam, Nairobi Hospice iliyoanza 1990, au Hospice Africa Uganda iliyoanza 1993 na kujulikana kwa mofini ya maji ya kunywa.

Fedha zimeisha. Semeni wazi kwa daktari na ustawi wa jamii. Waulizeni kuhusu msamaha au njia nafuu. Kushindwa kulipa si dhambi. Ila msiuvike ukata nguo ya matakwa ya mgonjwa, mkaandika "hakutaka mashine" wakati ukweli ni kwamba hamkuweza. Mdogo wenu atauliza siku moja.

Daktari hapatikani. Mwombe muuguzi kiongozi wa wodi akupangie dakika kumi baada ya raundi. Nenda na maswali yameandikwa, msemaji peke yake.

Mgonjwa hana ndugu. Kama wewe ni jirani au mwajiri, mweleze daktari na ustawi wa jamii unachojua kuhusu alivyoishi. Huna haja ya kusaini ili ushahidi wako uwe na thamani.

Mgonjwa yuko Uingereza. Kule England na Wales kuwa mke au mtoto hakukupi peke yake mamlaka ya kuridhia. Chini ya sheria yao ya 2005, kama mgonjwa hakumteua mtu rasmi, madaktari huamua kwa maslahi yake baada ya kuwauliza wanaomjua. Peleka daftari la Hatua ya 5, na omba mkalimani wa hospitali. Usimtumie mtoto wa shule kutafsiri habari za kifo cha babu yake.

Amezinduka na amekasirika. Msimkatize. Mleteeni daftari, msomeeni nani alisema nini, na kwa nini mliamua vile. Akishatulia, na daktari akiridhika kwamba yuko timamu, mwombeni aandike karatasi yake: jina kamili na tarehe, nani amsemee siku nyingine na nani kama huyo hayupo, tiba anazozitaka na asizozitaka, sahihi yake au dole gumba, na mashahidi wawili wasio na maslahi kwenye mali yake. Nakala moja iingie kwenye jalada la hospitali, moja abaki nayo aliyetajwa, na moja ikae nyumbani mahali ambapo kila mtu anapajua.